Mandhari na Bomba la Choo

Mama alikuja kutusalimia Hyattsville, Marekani, kwa miezi mitatu, na kufikia mwezi wa pili alikuwa ameona kanisa, duka la vyakula na maegesho ya magari. Yeye ni mtu wa Lushoto, milimani. Siku moja alisimama dirishani akauliza, bila lawama, kama nchi hii ina milima. Mume wangu alilichukua swali lile kama agizo. Akaazima kwa mwenzake wa kazini gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, akaomba ruhusa ya siku tatu.

Tukabishana kuhusu kambi. Mimi nilitaka ya bondeni, yenye umeme, maji ya bomba na shimo la maji machafu palepale unapoegesha. Yeye alitaka ya juu mlimani, isiyo na kitu ila mandhari.

"Hiyo full hookup yako ni parking lot tu," alisema. Yeye ni Mkenya wa bara. "Tutoe Mum parking moja tumpeleke ingine, kweli?"

Hoja yake ilikuwa nzuri, na yangu, kusema kweli, ilikuwa ya nywele: nilitaka maji ya moto mengi. Mama alipoulizwa alisema popote patamfaa. Tukaenda juu.

Palikuwa pazuri, sibishi. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, na milima ikajitokeza mmoja nyuma ya mwingine, yote ya buluu. Mume wangu alikuwa ameamka kabla yetu, akarudi kutoka matembezini na uso wa mtu aliyeridhika. Nikajisemea, kumbe anapenda mawio kiasi hiki. Nilimmiminia mama chai, akasema baadaye. Mchana akasema tumbo limejaa. Huyu ni mama ambaye nyumbani hunywa vikombe vitatu kabla hajauliza habari za mtu.

Asubuhi ya pili aliinuka kitini akayumba, akashika mlango. Nikamkalisha. Midomo ilikuwa imemkauka, na vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye mkoba vilevile nilivyovipanga.

"Mama, hukumeza?"

"Vinanipeleka chooni."

"Choo si hiki hapa?"

Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi, naye ndiye aliyenilea. "Na hilo tangi linamwagwa na nani?"

Lilimwagwa na mume wangu. Alikuwa amemweleza mwenyewe kwa fahari siku tulipofika, mpaka glavu akamwonyesha. Mama hakuwa tayari uchafu wake ubebwe na mkwe wake. Vyoo vya kambi vilikuwa chini mteremkoni, ngazi tupu, na magoti yake hayataki ngazi. Nilimshusha mara moja jioni ya kwanza, akasema harudii, nami nikacheka. Basi akaacha kunywa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Kila glasi wanayokunywa naiandika. Mama yangu mwenyewe sikumwandika. Niliona aibu, na hasira pia, nisijue nimkasirikie nani. Nilipiga simu kliniki, nesi akasema maji kwanza, kidogo kidogo. Mama akakubali baada ya kuahidiwa kwamba tunahama.

Mume wangu nilimweleza nje, kwa kuzungukazunguka. Hakubisha. Aliangalia viatu vyake.

"Unadhani mimi huenda wapi asubuhi?" akasema. "Hiyo toilet iko hatua mbili kutoka kwa kitanda ya Mum. Ningeanzia wapi?"

Bondeni tuliegesha katikati ya magari mengine. Mbele ya mlango wetu palikuwa na ubavu mweupe wa gari la jirani, na mashine yake ya kupoza hewa ikinguruma. Mume wangu akainama kuliunganisha bomba la choo. Mama akakohoa. Nikachukua glavu, nikaliunganisha mimi, naye akaenda kukagua kitu kisichokuwepo upande wa pili wa gari.

Mama alifuatilia kila hatua. Nilipomaliza kunawa, nilimkuta ameketi kitini, ameuelekea ule ubavu mweupe, amenyoosha kikombe.

"Hapa ndipo pazuri," akasema.

Alikunywa vikombe vitatu. Nilivihesabu.