Msomaji wa Maana

Nilirudi Likasi na diploma ya uhandisi kutoka Ubelgiji, wa kwanza kuipata kwenye avenyu yetu. Sikusomeshwa na kampuni wala na misheni. Niliosha sahani za watu, nikapakua makreti ya mboga kabla ya kwenda darasani, na nikafaulu mbele ya wenzangu waliolala vizuri. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Baba naye hakulisema kwa sauti ndogo, na ndiyo maana yalitokea yaliyotokea.

Baba alikuwa amezeeka kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiwanda kilikuwa kinakufa. Mishahara haikuja. Umeme wa Mwadingusha ulikuja ulipotaka. Wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi walikwenda kulima mahindi upande wa Kapolowe, au walikaa mbele ya nyumba zao wakitazama barabara. Baba alikuwa amebakiwa na kazi moja, ile ya Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Alikuwa msomaji.

Ukumbini palikuwa na kikundi cha mchezo wa herufi, ule wa kupanga vibao vidogo kwenye ubao wa miraba ili kuunda maneno ya Kifaransa. Baba hakucheza. Yeye alishika kamusi, kitabu kinene chenye picha, ndicho kilichokuwa sheria: neno lililomo linabaki, lisilomo linaondolewa. Kwingine kamusi ilifunguliwa kuhukumu tu, ikafungwa. Kwetu, neno geni likiwekwa, mchezo ulisimama. Baba aliinuka, akasoma maana yake kwa Kifaransa, kisha akaieleza kwa Kiswahili chetu, taratibu, kama mtu anayegawa chakula. Watu ambao hawakujua hata herufi ngapi zinachezwa walikuja kwa ajili hiyo. Akina mama waliorudi kutoka kuuza samaki wa Tshangalele walisimama madirishani na mabeseni yao.

Nakumbuka Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kwangu. Mama mmoja aliuliza kutoka nje, "Papa, hii ya leo njo nyama ao njo muti?"

"Njo ndege, mama. Ndege ya kwenye baridi. Iko na mabawa, lakini hairukake."

"Iko na mabawa na hairuke? Basi ile njo bwana yangu tangu kiwanda kilisimama."

Ukumbi wote ulicheka, na bwana mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alicheka pia. Baba alisubiri kicheko kiishe ndipo akafunga kitabu.

Mimi nilikuja na kitu kingine kwenye sanduku. Ulaya nilikuwa nimecheza kwenye klabu, na nilicheza vizuri sana. Huko walikuwa wameacha kamusi ya kawaida na kutunga orodha rasmi ya mchezo. Tofauti haikuwa ndogo. Maneno ya Waswisi, ya Wabelgiji na ya Wakanada yaliingia. Mengine ambayo wachezaji wetu waliyategemea yalikuwa yametoka. Nilikuwa na fotokopi ya orodha hiyo, maneno matupu, safu kwa safu, bila maana hata moja.

Lubumbashi walikuwa wamekwisha kuhamia orodha mpya. Wachezaji wa Likasi walikuwa wakienda huko na maneno ya kamusi ya zamani, wakavuliwa pointi, na walipowekewa maneno wasiyoyajua hawakuthubutu kuyapinga. Tena kikundi kilikuwa kimepungua. Baadhi ya wachezaji wetu bora walikuwa wameondoka kwa treni kwenda Kasai, si kwa kupenda: walifukuzwa kwa sababu ya asili yao. Waliobaki walitaka kushinda mara moja tu. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu, akaitisha kikao kuamua.

Nilieleza orodha yangu kama nilivyofundishwa kueleza mashine. Saa itawekwa mezani. Mtu mmoja atatazama orodha na kusema ndiyo au hapana. Basi.

"Na papa?" aliuliza yule bwana wa karibu na mlango. "Papa atasoma nini mule?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Baba ndiye aliyeinua mkono kabla ya wengine, na alikuwa anaunga mkono.

"Mwana yangu njo aliileta," alisema. "Hakuenda Bulaya juu ya kutuletea bongo, kutudanganya."

Wengine wakainua mikono nyuma yake.

Miezi iliyofuata nilifundisha. Tulikariri maneno kama watoto wanavyokariri sala, na ukumbi ukawa kimya, saa tu ikisikika. Baba aliendelea kuja. Alikaa pembeni, kamusi imefungwa magotini. Madirishani walikuja watu wachache, kisha hawakuja.

Tulikwenda Lubumbashi na tukashinda. Neno la mwisho lilikuwa langu, herufi nne: *yass*. Wapinzani walilipinga, mwamuzi akatazama orodha, akasema lipo. Niliinuka kama mtu aliyejenga daraja.

Habari ilifika Likasi kabla yetu. Jumamosi iliyofuata madirisha yalijaa tena kama zamani. Mwenyekiti alisimulia mchezo wote, na alipofika kwenye neno langu, yule mama aliyemtania bwana yake aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa amelingojea.

"Ile yass, njo nini?"

Walinigeukia mimi. Nilijua pointi zake. Nilijua linaweza kuunganishwa na nini. Nilitazama vibao mezani kana kwamba jibu lingeandikwa pale.

"Ingénieur iko anatafuta," kijana mmoja alisema, na wengine wakaanza kutabasamu.

Baba aliinuka. Alifungua kamusi mahali fulani, akatazama ukurasa.

"Ni neno ya machimbo," alisema. "Ule udongo mwekundu wenye kukaa juu ya mawe ya shaba. Ule wenye kuondolewa mbele ya kufikia madini. Wazungu banauita yass."

"Kumbe," mama alisema. "Tunakanyaka yass kila siku."

Walimpigia makofi, kisha wakanipigia mimi. Neno hilo halikuwemo kwenye kamusi yake. Nilikwisha kulitafuta mwenyewe kabla ya safari. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ni mchezo wa karata wa Waswisi.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilikuwa nimeamua jambo, na nilikuwa na furaha nalo.

"Papa, nitaongea na mwenyekiti. Saa itasimamishwa. Utasoma tena, orodha na kamusi pamoja."

"Hapana."

"Juu ya nini? Umeona vile bantu balifurahi."

"Mutu mwenye kusoma hasemake bongo, mwana. Minye mwenyewe, miaka yote sikusema hata moja. Leo nimesema, na banasadiki. Nikifungua kitabu tena, nitasoma namna gani?"

Nilimwambia nitawaeleza watu ukweli, kwamba mimi ndiye sikujua.

"Wacha," alisema. "Diploma yako ni ya sisi wote. Kitabu kilikuwa cha minye peke yangu."

Hakuonekana mwenye huzuni. Alisimama kumsalimu jirani, akamweleza mimi ni nani, ingawa jirani alinijua tangu utoto, na akamwambia kwamba Lubumbashi nzima imeshindwa na mwanawe. Jirani alinishika mkono. Sikuwaeleza watu chochote, siku ile wala baadaye, na baba hakusoma tena ukumbini.