Maini ya Mbuzi wa Koboko

Uani kwetu Awindiri, asubuhi ile, tulikuwa watu watano: mimi, wadogo zangu wawili wa kiume, dada yetu wa miaka kumi na minne, na jirani yetu, mjane wa askari, tuliyemwita haboba, yaani bibi. Walikuwapo pia mbuzi wawili niliowaswaga kutoka soko la Koboko.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikaingia biashara ya mbuzi. Haboba alitaka mbuzi mmoja kwa dua ya marehemu mumewe.

“Haina minyoo?” aliuliza.

Nikashusha kope la chini la mbuzi. “Angalia, haboba. Iko nyekundu, damu iko.”

Dada alikuwa kizingitini akisuka kawa, akitafuna udongo wa kichuguu na kusinzia. Siku hizo nilimwita mvivu.

“Na hii ya hapa iko namna gani?” haboba akauliza, akimwonyesha dada kwa kidevu.

“Hiyo hatuuzi,” mdogo wangu akasema, tukacheka.

Haboba hakucheka. Alimwinamia dada, akashusha kope lake. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo.

“Wewe kijana yangu, macho ya mbuzi unaangalia kila soko. Ya dada yako uliangalia lini?”

Alimwingiza dada chumbani, akamuuliza maswali ambayo sikujua kwamba yanaulizwa. Mwaka mzima dada alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi, akanyamaza, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya wanaume. Kesho yake tulikwenda dispensari. Wakampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, wakatuonya asinywe chai pamoja na chakula.

Kwa desturi, maini ya mbuzi wa dua yalikuwa ya wazee mkekani. Siku ilipofika, haboba aliyaleta kwetu yote katika bakuli.

“Wazee watasema,” nilimwambia.

“Waseme. Wao iko na damu ya kutosha ya kugombana.”

Dada aliyala polepole, haboba akimtazama mpaka tonge la mwisho. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, udongo alikuwa ameuacha. Nikamsikia tena akigombana na wadogo zake tangu alfajiri, nami nikalala kitandani nikisikiliza kwa raha.

Nilimwahidi haboba mbuzi jike kwa maini yale. Akasema ningoje kwanza msichana anenepe. Mwaka wa sabini na tisa, watu walipokimbia vita, haboba alivuka mpaka wa Sudan kabla sijampelekea. Nimeuliza Koboko mara nyingi, na hakuna anayejua alifikia wapi. Mbuzi huyo bado sijamtoa.