Maji Yanayorudi: Jakuzi la Melini na Kidonda cha Bi Wairimu

Nakumbuka siku moja bahari ilikuwa imetulia kama uji uliopoa, nami nimesimama kando ya jakuzi la meli na taulo kumi mkononi, najiona malkia. Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa mvi sina hata moja. Niazime kiti cha wazee kwa muda mfupi, nitakirudisha. Kila nikija likizo, vijana kuanzia kule Ndama mpaka kwetu Kimuli mnaniuliza swali lile lile: ukiwa kwenye meli ya watalii, uingie kwenye bwawa na jakuzi, au utazame wengine tu? Jibu ninalo, lakini nililipata kwa kosa, na aliyeumia si mimi.

Nilipanda meli ile nikiwa na cheti cha kidato cha nne, kozi ya hoteli ya miezi sita, na ndoto zilizozidi sanduku langu. Kazi yangu ilikuwa kugawa taulo, kupanga viti na kutabasamu. Jakuzi, kama hujaliona, ni kama karai kubwa la kukaa watu wanane, maji yake ya moto yanatoa mapovu wala huoni kuni. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Nikasema, kumbe hawa watu wameihamisha Mtagata!

Mtagata unaijua, ile chemchemi ya maji moto kule Kyerwa. Nikiwa darasa la tano nilijikata mguu kwa jembe tukipalilia maharage. Bibi akanipeleka, nikatumbukiza mguu siku tatu, kidonda kikafunga. Kwetu hilo halina mjadala. Mwenye kidonda, mwenye mgongo, mwenye upele, wote wanapelekwa kwenye maji moto. Basi kile kibao cha kando ya jakuzi, kilichosema mwenye kidonda asiingie, mimi nilikiona ni woga wa watu wasio na chemchemi kwao.

Katika safari hiyo tulikuwa na abiria mmoja, Bi Wairimu, mwalimu mstaafu wa Nakuru. Wanawe walikuwa wamemchangia tiketi. Kijana wake mmoja anaishi Durban, mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi ya kwao mtoto akapewa jina la bibi yake. "Naenda kujiona nikiwa mdogo," alikuwa akisema, anacheka mpaka miwani inamteleza puani. Meli ingekaa Durban siku moja tu, kisha igeuze.

Kabla ya kufika huko, Bi Wairimu aliteleza kwenye ngazi akachunika muundi. Kidonda chenyewe hakikuzidi upana wa vidole viwili. Akaja kwangu na plasta yake.

"Msichana wangu, haya maji hayataniunguza hapa?"

"Bibi, maji moto hayachomi nyumba, yatachoma mguu? Kwetu hii ndiyo hospitali. Toa plasta, kidonda kipumue."

"Na kile kibao?"

"Kibao hakijawahi kuumwa, bibi."

Alicheka sana. Nikapiga magoti nikaibandua ile plasta kwa vidole vyangu, polepole, kama ninayemvua mtoto mchanga soksi. Nisamehe nikisema kwamba nilijisikia vizuri. Moyo wa huruma una tabia hiyo, unajipongeza kabla kazi haijaisha.

Aliingia siku tatu mfululizo, kila siku karibu saa nzima. "Mguu umekuwa mwepesi," akawa ananiambia. Siku ya nne hakuonekana. Nilipouliza, nikaambiwa yuko zahanati ya meli. Nikamkuta amelala, mguu umevimba unang'aa kama biringanya, midomo imemkauka kwa homa. Daktari alimwanzishia dawa, na siku mbili baadaye homa ilikuwa haijasogea. Zilibaki siku mbili tufike Durban. Daktari alishasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, gari la wagonjwa litampokea bandarini na kumpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji, na mguu wenyewe hakuuahidi.

Nikarudi kuketi kando ya kitanda chake. "Bibi, umemwambia daktari habari za yale maji?"

"Nimemwambia ngazi."

"Na jakuzi?"

Akafungua jicho moja. "We msichana, nimefundisha miaka thelathini. Unadhani kibao sikukisoma? Niliingia kwa sababu uliniambia kwa upendo. Nikisema, utafutwa kazi kesho. Nyamaza, ule ugali wako."

Mwanangu, naona haya kukwambia, lakini nilitoka pale nimefarijika.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Kamugisha. Huyu alikuwa mtu wa Muleba, fundi wa pampu na dawa za maji, kazeekea kwenye meli. Wiki ya kwanza tu alinitambua kwa lafudhi, na tangu hapo namwita tata, yaani baba, kama tunavyosema nyumbani. Nilimkuta amechutama kando ya bwawa anapima maji kwenye kichupa. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Nilitaka anipe pole.

Hakuinua macho. "Mtagata maji yanatoka wapi?"

"Ardhini, tata."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanateremka bondeni."

"Yanarudi?"

"Hayarudi."

"Haya yanarudi. Yanapita kwenye pampu yangu na kumrudia yule yule aliyeyaacha. Naweka dawa, joto linaila. Jasho linaila. Mafuta ya kujipaka yanaila. Watu wakijaa, dawa imekwisha kabla sijashuka ngazi, na wadudu waliobaki humo wanatafuta mlango. Wewe ukawafungulia mguuni."

"Lakini tata, wazee walisema maji moto hayachomi nyumba."

"Nyumba ina kidonda?"

Akatikisa kichupa chake, akakitazama kwenye mwanga.

"Sasa huyo daktari anatibu ngazi, na aliyemuuma mama ni maji. Wadudu wa maji haya wana dawa zao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mtu mwingine. Nenda kaseme."

"Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa ukiwa na miguu miwili."

Wahaya kama yeye wana maneno mengi, waitu, jamani, lakini siku hiyo yule mzee aliyabana.

Nilikwenda. Kiingereza changu kilikimbia, nikaeleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo: maji, plasta, siku tatu, mimi. Daktari hakunigombeza. Alichukua usaha wa kile kidonda kwa pamba, akabadilisha dawa saa ile ile. Jakuzi likafungwa, likakaushwa, likasuguliwa. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuhamishiwa kwenye chumba cha kufulia, sitaha ya chini, ambako kuna joto na hakuna watalii.

Bi Wairimu aliposikia aliniita. "Mtundu wewe, nilikwambia unyamaze." Kisha akashika mkono wangu akasinzia nao.

Asubuhi ya kufika Durban homa ilikuwa imeshuka. Hawakumruhusu kukanyaga chini. Aliteremshwa kwa kiti cha magurudumu, na hospitali alikaa wiki mbili, lakini za kutibiwa, si za kukatwa mguu. Pale bandarini nilimwona kupitia kidirisha cha chumba cha kufulia. Kijana wake alimwekea mtoto mapajani. Yeye akavua miwani, akamsogeza yule mtoto karibu kabisa na uso. Sikusikia walichosema. Mashine ikalia, nikarudi kukunja shuka. Leo anatembea, anachechemea kidogo, na kovu analo.

Sasa swali lako. Kuogelea ogelea, mwanangu, bwawa si adui. Ila ukiwa na kidonda, hata kidogo cha wembe wa kunyolea, au tumbo linakuendesha, kaa kando ufurahie upepo. Oga kabla ya kuingia, maana uchafu unaoingia nao ndio unaomaliza dawa. Gusa ukuta wa bwawa kwa kidole. Kikiteleza kwa utando, geuka urudi. Harufu kali inayochoma pua usidhani ndiyo usafi, mara nyingi ni dawa iliyoelemewa. Maji usiyameze. Kwenye jakuzi robo saa inatosha, na usiingie umetoka kunywa. Mjamzito, mwenye moyo au mapafu dhaifu, wamuulize daktari kwanza. Watoto wadogo wabaki nje. Tena muulize fundi amepima saa ngapi. Kuuliza si ujinga. Mimi nilijifanya najua, nawe umeona kilichotokea.

La pili ndilo zito. Dawa ya nyumbani ni ya nyumbani. Ukiibeba kwenda ugenini, uliza kwanza kama maji ni yale yale. Upendo peke yake hautibu, na usipochunga unaua kwa mikono laini. Ukishampotosha mtu, sema mapema, hata kama yeye mwenyewe anakuomba unyamaze. Kazi utapata nyingine.

Nenda basi. Mungu akutangulie kwenye maji usiyoyajua, akupe mtu wa kukukemea muda ungalipo, akupe na masikio ya kumsikia. Uende mzima, urudi mzima, na uliowagusa kwa mikono yako wabaki wazima. Amina.