Mtaro Mmoja wa Mkiwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na uchungu wake haujapoa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, makampuni ya simu na intaneti yalipokuwa yakiota kama uyoga, kila moja na mtaro wake kando ya barabara ileile. Nilikuwa binti niliyetoka kusomea mawasiliano, nimerudi kwetu Singida, nimepata kazi ya kuchora njia za mkongo, ule uzi wa kioo unaosafirisha intaneti kwa mwanga. Mwenye kampuni, Mzee Sudi, alikuwa rafiki wa baba tangu walipokuwa wakiuza alizeti pamoja. Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo wa baba, sikufichi.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii utaielewa hata kama hujawahi kuushika mkongo: usitegemee njia moja. Nilichora mbili. Ya kwanza iteremke Mkiwa kuelekea Manyoni, ya pili ipite Shelui kuelekea Nzega. Moja ikikatika, mwanga unazunguka na kupita kwenye nyingine, na mgonjwa aliyelala hospitalini hatajua kama kuna kitu kimetokea. Niliipenda ramani ile kama wenzangu walivyopenda kanga mpya.

Kumbe mawe ya mlima Sekenke, kabla hujafika Shelui, yalimtisha Mzee Sudi. Nilipokwenda Mkiwa kukagua kabla ya makabidhiano, nilikuta mtaro mmoja, na ndani yake mabomba mawili ya kupitishia mkongo yamelazwa pamoja, moja jeusi, moja la rangi ya chungwa. Njia ya Shelui hakuna aliyeipigia hata sururu. Nilirudi ofisini nikamweleza faragha, kwa adabu zote, kwamba zile si njia mbili. Alicheka.

"Binti yangu," akasema, "mteja ananunua intaneti. Hanunui mtaro."

Siku ya makabidhiano walikuja watu wa benki na daktari mkuu wa hospitali. Mzee Sudi akazisifia njia zake mbili, mpaka daktari, mtu wa maswali, akanigeukia mimi: mkongo mmoja ukikatwa, mwingine utabaki? Mzee Sudi alinitazama huku akitabasamu. Ningeweza kukohoa tu nikaomba maji.

"Hapana, daktari," nikasema. "Yote miwili imo kwenye mtaro mmoja."

Mzee Sudi akaahidi harakaharaka kwamba ya Shelui itachimbwa kiangazi kijacho, na wateja, kwa kuwa walikwisha kulipa, wakakubali kusubiri. Hicho kiangazi wanakisubiri mpaka leo.

Nilipofika nyumbani, Mzee Sudi alikuwa amenitangulia, amekunywa chai na kuondoka. Baba hakuniuliza kilichotokea. Alisema nimemvua nguo mzee mwenzake mbele za watu, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hata kama palikuwa na walakini, ningefunika kombe mwanaharamu apite. Kesho yake angenipeleka nikapige magoti, niombe msamaha. Nilimjibu kwamba kwa jambo lolote jingine nitapiga magoti, hilo hapana. Mama aliondoka akaenda jikoni.

"Basi," baba akasema, "na radhi yangu usiitafute."

Kwetu neno hilo si la mchezo, mwanangu. Ukifukuzwa kazi utapata nyingine, na kweli nilifukuzwa wiki ileile. Radhi ya mzazi haiuzwi dukani. Nilihamia Dodoma nikiwa na begi moja na hasira nyingi.

Lakini la kuvunda halina ubani. Kampuni nyingine ilikuja kuchimba mtaro wake palepale Mkiwa, na kijiko chao, ile mashine ya kuchimbia, kikang'oa mabomba yote mawili kwa mkupuo mmoja. Singida ikanyamaza. Benki ikafunga milango, watu wakasimama juani, na daktari akamtuma dereva mpaka Manyoni kwenda kuomba damu kwa mdomo. Habari zilinifikia Dodoma na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikangoja baba anitumie neno. Mama alinisimulia alichosema: kwamba madereva wa vijiko siku hizi hawana macho. Hilo alilichukua kwa Mzee Sudi, neno kwa neno.

Idi baada ya Idi nilikwenda nyumbani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kurudi kwenye chai yake. Alipougua ugonjwa wa mwisho aliniita kitandani, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "kosa lako nimelisamehe. Nimekuwia radhi."

Kosa langu. Nilikuwa na maneno ya kujaza debe. Nikamtazama alivyokonda, nikasema, "Ahsante, baba." Tulimzika Ijumaa iliyofuata. Radhi ninayo, na inanikwaruza kooni, maana nilipewa kwa kosa ambalo sikulifanya.

Sijutii nilichomjibu daktari. Ninachojutia ni kwamba nilimweleza Mzee Sudi, nikamweleza daktari, ila baba yangu sikumweleza. Siku ile nilipotoka Mkiwa ningepita dukani kwake, nikakaa juu ya gunia, nikamwonyesha kwa vijiti viwili jinsi vikilazwa pamoja pigo moja linavyovunja vyote. Angeelewa, alikuwa mfanyabiashara. Nilijiambia hakusoma, hayamhusu. Mzee Sudi hakumdharau hivyo, alimwendea kwanza. Na jambo likishatangulia kuingia sikioni, kulitoa ni kazi.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi, ukiulizwa sema kweli, hata anayekulipa akikukodolea macho. Lakini kweli inayomgusa mkubwa ianzie nyumbani, kwa wale ambao huwezi kuishi bila radhi yao. Huenda wakakukasirikia vilevile. Basi wakukasirikie kwa maneno yako mwenyewe, si ya jirani. Wala usikae ukingoja kuambiwa ulikuwa sahihi. Mimi nimengoja mpaka nimeota mvi.

Mungu akupe kazi usiyoionea haya na ulimi usiotetemeka. Na wazazi wako wakuwie radhi wangali hai, wakijua vizuri ulichokifanya.