Kikalio cha Kompresa

Kaka yangu ni mchomeleaji, na kama yupo mtu mwenye kichwa kigumu kuliko vyuma anavyovichoma, mimi sijakutana naye. Mtaa mzima unamwita Kauzu, naye anaitika. Karakana yake na duka langu la vipuri vinagawana ukuta mmoja. Mimi nauza boliti na nati, yeye anazidharau hadharani. "Boliti ni za watu wasiojua kuchomelea," huwaambia wateja wangu hata hawajavuka kizingiti. Kwake yeye kitu kikishikana kimeshikana, habari za kufungua hazipo. Hivyo ndivyo anavyotengeneza mageti, na hivyo ndivyo alivyotaka kumlea mwanawe.

Binti yake alikuwa ndiye tegemeo la karakana. Alianza kuchomelea akiwa mdogo, akiketi kwenye benchi miguu inaning'inia, mpaka mshono wake wa chuma ukawa mnyoofu kuliko wa baba. Kisha akaenda kuomba kazi ya kuendesha gari la zahanati, lile kubwa linalopeleka chanjo kule kwenye michanga, akaipata. Ruhusa hakuomba. Tangu hapo baba mtu hamsemeshi. Wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja, na mimi shangazi mtu nimegeuzwa kipaza sauti.

"Mwambie mwanao chumvi imezidi."

"Shangazi, mwambie kaka yako kesho apike mwenyewe."

Na mimi nimeketi katikati yao, goti la mmoja linanigusa huku na la mwenzake kule. Nilichoka nao mpaka basi.

Sasa, kwenye mchanga matairi hupunguzwa upepo ili gari lisizame, na mkifika kwenye barabara ngumu mnajaza tena. Binti na wauguzi wake walikuwa wanajaza kwa pampu ya mguu, wanarudi mjini nyonga zinawaka moto na chanjo zimechelewa. Daktari wa zahanati akanunua kompresa, pampu ndogo ya upepo inayotumia umeme, akataka ifungwe humo humo chini ya boneti. Akamletea Kauzu kazi ya kutengeneza kikalio chake, yaani kitako cha chuma cha kuishikilia. Akasema wazi kwamba safari nyingine ikikwama, usukani atapewa mtu mwingine. Kauzu akakubali papo hapo, bila hata kulalamika. Mimi nikashtuka, maana kaka yangu hata salamu huipinga kwanza.

Alikata kipimo kwenye boksi la viatu, akakunja bamba nene, akalichomelea chini ya boneti, kwenye ubavu wa ndani wa gari. Nilipotaka kuchungulia alinifukuza kama kuku.

Asubuhi ya safari binti akaja kulichukua gari. Akafungua boneti, akapapasa kwanza kwa mkono, vidole vikakwama. Kikalio kilikuwa kizuri kweli, mshono laini, lakini kilikuwa kimepita juu ya kifuniko cha chujio la hewa. Kifuniko kisingeweza kunyanyuka hata kidogo.

"Shangazi, muulize chujio litasafishwaje huko kwenye vumbi."

"Mwambie halisafishwi," akasema Kauzu huku anafuta mikono. "Likiziba gari litakosa pumzi, atageuza atarudi. Zahanati watafute dereva wao. Huyu ni fundi wangu."

"Na wauguzi walioko ndani ya gari je?" nikamuuliza. "Na watoto wanaosubiri hizo sindano? Una akili wewe?" Nikamtukana pale pale mbele ya wateja, na sijutii hata neno moja.

Binti hakutukana. Alichomoa waya wa betri, akavaa miwani, akachukua grenda ya baba yake ya kukatia chuma bila kumtazama. Cheche zikaruka mpaka mlangoni kwangu. Kauzu akakunja mikono, akaangalia kazi yake ikikatwa mpaka ikaanguka sakafuni. Kisha binti akaingia dukani, akachagua boliti na raba nene, akarudi. Akakunja bamba jingine, akalihamishia upande wa betri ambako kulikuwa na nafasi, akatoboa matundu, akaifunga kompresa juu yake, akaweka raba chini ya kila boliti ili mtikisiko usivunje kitu.

"Mwambie amepindisha," Kauzu akasema huku analizunguka gari.

"Mwambie asogee, ananizibia mwanga."

Alipomaliza aliurudisha waya wa betri, akawasha kompresa na kujaza tairi moja. Kikalio kilitulia tuli. Akafungua kifuniko cha chujio kwa vidole viwili, akakifunga tena.

Hapo Kauzu akamsukuma kando. Akakanyaga bampa, akakishika kikalio kwa mikono miwili, akakivuta kwa hasira zake zote. Gari zima likayumba, kikalio hakikusogea. Akashuka akihema, akamtazama mwanawe usoni.

"Ningekufundisha vibaya," akamwambia, "leo ungebaki."

"Basi gombana na mikono yako iliyonifundisha, baba. Mimi niache."

Akafunga boneti kwa kishindo, akapanda, akaondoka. Hakupunga mkono, wala baba hakumwinulia wake. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Kaka yangu alikaa kwenye benchi karibu na vipande vya kikalio chake. Baada ya muda akaniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu anayejua kuchomelea vizuri na anatafuta kazi. Nikamwambia amtafute mwenyewe.