Matabishi ya Shekinah

Kanyere aliaga nyumbani kwamba anaenda kununua sabuni, na sabuni ilikuwa tele kabatini. Alikwenda moja kwa moja sokoni, akajibanza nyuma ya magunia ya vitunguu ya rafiki yake Mama Tamar, akachungulia.

Ng'ambo ya njia, wanafunzi wa biashara walikuwa wamepanga meza zao. Prof Gamaliel, mwalimu wao, alimpa kila mmoja mali ya kuuza. Atakayeimaliza kabla ya saa nane atapewa meza aiendeshe likizo nzima. Lakini mzazi akitia mkono, mtoto anatolewa. Shekinah, binti wa Kanyere, alipangiwa gunia la maharagwe ya Musienene. Wiki nzima alikuwa haongei jingine ila meza ile.

Akaja mama mnene wa kitenge cha manjano. Shekinah akajaza kopo, akapitisha kijiti juu, maharagwe yakalala sawa kama uwanja wa mpira.

"Mutoto, kilima iko wapi?"

"Mama, kipimo ni hivi. Prof alisema tukipandisha kilima, faida inakwisha."

"Na matabishi?"

"Hapana, mama."

"Eeh! Wee ulizaliwa Butembo kweli? Basi prof wako akuye ayakule!"

Akaondoka, na wanunuzi wengine wawili wakamfuata. Mji huu, hata ndizi moja hainunuliwi bila matabishi, kile kidogo cha kuongezwa! Kanyere akainuka. Mama Tamar akamvuta kitenge.

"Ikala! Unataka bamutoe?"

"Neno moja tu."

"Hata nusu!"

Saa sita ilipogonga, gunia lilikuwa bado nusu. Kwenye meza ya jirani, mwanafunzi mwenzake Éliakim alikuwa akipepea vitunguu vya majani vya Masereka, vimeanza kulegea kwa jua. Shekinah akamnong'oneza. Makopo mawili ya maharagwe yakaenda kule, rundo zima la majani likaja huku.

"Yesu wangu," Kanyere akasema, "anagawa mali ya prof."

Lakini Shekinah alikwisha kupanda juu ya kigoda. "Maharagi ya Musienene! Kipimo sawasawa, na matabishi ya kutia mu nyungu!"

Kila kopo likapata jani moja la kitunguu. Mama wa manjano akarudi: "Sasa ndiyo umezaliwa!" Watu wakajaa. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama, akamwambia abiria wake, "Papa, ngoya kidogo, bibi alinituma maharagi."

Zikabaki dakika tano na kopo moja. Njia ikawa nyeupe, mnunuzi hakuna. Shekinah, bila kugeuka, akapaza sauti:

"Mama, wee mwenye uko nyuma ya vitunguu tangu asubui! Kuya ununue!"

Soko likacheka. Kanyere akatoka, maganda ya vitunguu kichwani, akamgeukia prof aliyesimama kando ya meza. "Prof, kununua ni kutia mukono?"

"Ukilipa, mama, uko mununuzi."

Akafungua ncha ya kitenge, akalipa pesa ya sabuni. Shekinah akapitisha kijiti, akaweka jani moja.

"Moja? Mimi niliyekuzaa?"

"Mama, kila mutu moja."

Prof akaandika jina la Shekinah kwa chaki juu ya meza. Shekinah akaligeuza gunia ndani nje, akalikung'uta; zikaanguka punje tatu. Akaziokota, akamtia mama yake mkononi.

"Haya. Hii ni ya kunizaa."

Kanyere akazifunga kwenye ncha ya kitenge, palepale ilipokuwa pesa ya sabuni.