Natafuta Kanisa la Kuimbia Besi

Nilipostaafu na kuhamia Bagamoyo, shida yangu ilikuwa moja tu: nipate kanisa ambamo naweza kuimba besi, ile sauti nzito ya chini. Nimeimba besi tangu ndevu zilipoanza kuota, na kila kanisa nililoingia pale mjini besi haikuwa na pa kukaa. Kinanda kinajipigia ngoma chenyewe, spika zina kimo cha mlango, vijana wameshika maiki na wote wanaimba sauti ya kwanza. Sina ugomvi nao. Ila nikifungua mdomo sijisikii hata mwenyewe, sasa nimefuata nini?

Jirani yangu Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, alinitania kwamba nachagua makanisa kama bibi harusi anavyochagua kanga. Nilicheka, lakini iliniuma.

Mbele ya duka lake huuza mananasi mama mmoja wa Kiwangwa. Siku moja nilimsikia akiimba chinichini huku akiyapanga, na hakuwa akiimba wimbo wenyewe, aliimba alto yake, sauti ya pili. Mtu haimbi alto barabarani kama hakulelewa kwenye sauti nne. Nikamuuliza anasali wapi. Akanielekeza, akasema kwao hata umeme wa kuwashia kinanda hawana.

Jumapili nikachukua bodaboda mpaka Kiwangwa. Kanisa dogo la bati, watu wachache. Soprano wakaingia, kisha alto, kisha wanaume wa sauti ya tatu. Besi hakuna. Nikaingia mimi, kwa raha zangu zote. Sikumbuki lini nilifurahi vile.

Wimbo wa mwisho una kiitikio ambacho besi hutangulia peke yake, ndipo wengine wanaitikia. Tulipofika hapo wote wakanyamaza. Nikadhani ni kwa kukosa mtu wa besi, nikaijaza kwa kifua changu chote. Wakaitikia kwa kusitasita, wengine wakitazama chini. Yule mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

Alinisubiri nje. Alinieleza kwamba mumewe ndiye aliyekuwa besi yao, na tangu wamzike, wakifika pale hunyamaza, wanamhesabia mapigo ya sehemu yake, kisha wanaendelea.

"Umeimba vizuri, kaka," akasema. "Hata yeye angekusifu. Ila pale, tuachie."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nimehangaika kote huko, halafu ninyimwe pale pale ambapo besi inasikika peke yake! Nikaapa sirudi. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye bodaboda.

Sasa naimba kila kitu, na tukifika kwenye kiitikio kile nafunga mdomo na kuhesabu pamoja nao. Juzi yule mama alikaa benchi la mbele yangu. Katikati ya ule ukimya nikamsikia anaimba, taratibu, sauti ikikwaruza kwa sababu noti zile ziko chini mno kwa koo lake. Haikuwa alto. Alikuwa anaimba besi ya mumewe.